Kwaresima: Panga Kwanza Utakachompa Mungu, Ndipo Upange Utakachoacha

Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani majira ya toba kabla ya Pasaka, swali linalozunguka kwenye jumuiya na makundi ya WhatsApp ni lilelile: "Mwaka huu unaacha nini?" Huyu anaacha soda, yule bia, mwingine TikTok. Swali lenyewe halina ubaya, ila likitangulia linapindisha safari nzima. Mtu anaweza kukaa siku arobaini bila soda, akapungua kilo tatu, akafika Pasaka hajazungumza na Mungu zaidi ya alivyokuwa akizungumza naye Januari. Hiyo ni nidhamu, na nidhamu ni njema, lakini hata mwanariadha anayo. Kwaresima inaanzia pengine: utampa Mungu nini, na ili umpe hicho, kipi kipishe njia?

Mwongozo huu unafuata sheria na kalenda ya Kanisa Katoliki. Mwanglikana au Mlutheri atakuta mengi ya sala na sadaka yanamfaa vilevile; kwenye mfungo afuate utaratibu wa kanisa lake. Kwa mifano tunatumia mwaka 2027: Jumatano ya Majivu ni 10 Februari, Dominika (Jumapili) ya Matawi 21 Machi, Pasaka 28 Machi. Ukihesabu kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu unapata siku 46. Toa Dominika 6, zinabaki 40.

Karatasi moja, sentensi tatu

Siku chache kabla ya Majivu, kaa na karatasi uandike sentensi tatu tu: moja ya sala, moja ya mfungo, moja ya sadaka. Ndizo nguzo tatu za Mathayo 6, Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu yenyewe. Anza na ya sala, usibadilishe mpangilio. Kila sentensi iwe na saa, mahali na kiasi, ili mtu mwingine akiisoma aweze kukuambia jioni kama umetimiza au hujatimiza. "Nitasali zaidi" haipimiki. "Kila siku saa 11:30 alfajiri, dakika 15, kibarazani, na Injili ya siku" inapimika.

Ya mfungo inafuata, na itokane na ile ya kwanza. Jiulize ni kitu gani hasa kinachokula zile dakika 15. Kwa wengi si soda. Ni simu ya saa 5 usiku, inayofanya alfajiri iwe nzito. Basi mfungo wako ni kuzima simu saa 3:30 usiku, na sukari unaweza kuiacha kwenye kopo lake. Hapa ndipo kumpenda Mungu kunapotangulia kwa vitendo: unaacha kitu kwa sababu kimekaa kati yako na Yeye, wala si kwa sababu jumuiya nzima inakiacha.

Usizidishe. Mwenye maazimio tisa huvunja manne wiki ya kwanza, kisha huyatupa yote. Mwenye ndoa amwonyeshe mwenzake karatasi kabla ya kuanza. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anataka wanandoa wapatane wanapojinyima kwa ajili ya sala. Na mfungo wa baba usigeuke amri ya jikoni kwa nyumba nzima.

Dakika 15 za kila siku

Sala ndiyo mgongo wa Kwaresima, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo. Dakika 15 si kipimo cha Kanisa. Ni kiasi ambacho mtu mwenye kazi na watoto anaweza kukishika siku zote bila kukikimbia. Ukijipangia saa nzima utaishika Jumatano na Alhamisi, Ijumaa utalala.

Chagua saa ambayo tayari ni yako. Mama ntilie anayeamka saa 9 usiku kuwasha moto hana alfajiri nyingine ya kutafuta. Dakika zake ni zile kati ya kumaliza vyombo na kurudi nyumbani mchana. Anayepanda daladala saa 11 asubuhi aweke zake kazini, kabla ya kufungua duka. Anayelala chumba kimoja na watoto atoke nje, au apitie kanisani. Kosa kubwa ni kusema "nitasali nikipata nafasi." Nafasi haipatikani, inatengwa.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu:

1. Dakika 2: ishara ya msalaba, nyamaza, kisha Sala ya Mapendo polepole. Ile inayoanza "Mungu wangu, nakupenda zaidi ya chochote". Wengi tunaikimbiza tangu utoto kati ya Sala ya Matumaini na Sala ya Kutubu hadi maneno yake hayasikiki tena.
2. Dakika 4: soma Injili ya siku mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini.
3. Dakika 6: baki na mstari mmoja uliokushika. Mwambie Mungu kuhusu mstari huo, kisha nyamaza.
4. Dakika 2: chagua tendo moja la leo, dogo, lenye jina la mtu au saa.
5. Dakika 1: Baba Yetu, uondoke.

Masomo yapo kwenye Misale ya Waumini, kitabu cha sala na masomo ya Misa. Kama huna, mwombe katekista orodha ya masomo ya wiki utumie Biblia yako. Kusoma kwenye simu inawezekana, ila zima data kwanza. Ujumbe mmoja wa kikundi cha ukoo unatosha kumaliza zile dakika 6.

Tuchukue siku moja tuone inavyokwenda. Ijumaa ya wiki ya tatu ya Kwaresima, ambayo mwaka 2027 ni 5 Machi, Kanisa linasoma Marko 12:28-34. Mwandishi, yaani mwalimu wa Sheria, anamwuliza Yesu, amri ipi ni ya kwanza. Yesu anamjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6: mpende Bwana, Mungu wako, kwa moyo wote, kwa roho yote, kwa akili zote, kwa nguvu zote, kisha anaongeza yale ya Walawi 19: mpende jirani kama nafsi yako. Mwandishi anakubali, na anaongeza kwamba hayo yanapita sadaka zote za kuteketezwa. Yesu anamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu.

Ukifika dakika zile 6, usijaribu kuhubiri somo zima kichwani. Chukua "nguvu zote" peke yake. Nguvu zangu zinaishia wapi kwa siku? Labda kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, labda kwenye biashara ya pili inayofunguliwa hata Dominika. Mwambie Mungu jambo hilo kama lilivyo. Dakika 2 za tendo: "Leo saa 11 jioni nafunga duka, naenda ibada ya Njia ya Msalaba." Basi. Angalia pia kwamba somo hili limepangwa wiki ya tatu, wakati mfungo umeshazoeleka na watu wameanza kujihesabia siku walizoshinda. Maneno ya mwandishi kuhusu sadaka za kuteketezwa yanamfikia hasa mtu wa namna hiyo.

Mwaka 2027 ni Mwaka B, yaani wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Dominika, na Dominika zake zinalisukuma jambo hilihili. 21 Februari utasikia Ibrahimu akiambiwa amtoe Isaka. 28 Februari utasikia Amri Kumi, ya kwanza ikiwa kutokuwa na miungu mingine. Soma masomo hayo Jumamosi jioni, dakika 10 zinatosha, usiyakute mapya kanisani.

Mfungo wa sheria na mfungo wa hiari

Sheria yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana inafaa kuijua vizuri. Siku za kufunga chakula ni mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Zinamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi atakapotimiza 59. Siku za kutokula nyama ni hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima, kwa kila aliyetimiza miaka 14. Ijumaa ikiangukia sherehe kubwa ya kalenda ya Kanisa, sharti la nyama linaondoka. Mwaka 2027 hivyo ndivyo ilivyo 19 Machi, Sherehe ya Mtakatifu Yosefu.

Kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili, na vitu viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Kwa mfano: kikombe cha uji asubuhi, sahani ya kande au ugali na maharage mchana, chai na kipande cha mkate jioni. Maji hayana sharti. Hapa pwani, na hasa miaka ambayo Ramadhani inakutana na Kwaresima (2027 inatarajiwa kuanza wiki ileile ya Majivu), Wakristo wengine huona haya kunywa maji mchana mbele ya jirani, au hudhani mfungo wao ni pungufu. Kumheshimu jirani aliyefunga ni uungwana. Lakini mfungo wako una utaratibu wake, usishindane naye.

Nyama ni ya ng'ombe, mbuzi, kuku na wenzao, na supu yake nayo iache. Samaki, dagaa, mayai na maziwa ni ruhusa. Mtego upo hapohapo: anayekwepa robo kilo ya nyama kwa kununua kamba wa bei mara tatu ametii herufi, akala sikukuu. Ijumaa iwe ya chakula cha kawaida kuliko siku nyingine.

Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayemeza dawa zinazohitaji chakula: hawa hawafungwi na sheria ya kupunguza mlo, na kujilazimisha si utakatifu. Achague kitu kisichogusa mwili, kama kutotazama tamthilia Ijumaa, au kuuzuia ulimi.

Sasa, mfungo wa hiari uliouandika kwenye karatasi. Utashikamanaje na kumpenda Mungu, usibaki ubishi kati yako na tumbo? Kuna njia moja ya zamani na rahisi: hamu inapokuja, usipigane nayo kimya. Papo hapo sema sala fupi ya mapendo, "Yesu, nakupenda kuliko hiki," kisha endelea na kazi. Kama hamu ya simu inakujia mara ishirini usiku, umemwambia Mungu unampenda mara ishirini. Bila sala hiyo, hamu ileile itakupa mara ishirini za kujionea huruma, na asubuhi utawaamkia watu vibaya. Hasira za mfungaji ni dalili kwamba mfungo umekwenda bila sala; familia huiona kabla yake mwenyewe.

Kuhusu kujionyesha, Injili ya Majivu iko wazi: ukifunga nawa uso, upake mafuta. Huna haja ya kufuta majivu uliyopakwa kwenye paji la uso ukitoka kanisani, wala ya kuyapiga picha ya kuweka status. Ukialikwa chakula siku usiyofunga kisheria, na mwenyeji amepika kile ulichokiacha kwa hiari, kula kidogo, shukuru, usihubiri. Dominika si siku za mfungo. Aliyeacha sukari anaweza kunywa chai tamu bila dhambi. Ila sala haina likizo ya Dominika, na Dominika isiwe siku ya kulipizia yote ya wiki.

Kitubio: anza na amri ya kwanza

Nenda kuungama wiki ya pili au ya tatu. Ukisubiri Juma Kuu utakuta foleni ndefu, padre amechoka, na wewe una dakika mbili. Sababu ya pili ina uzito zaidi: kuungama mapema hukupa wiki nne za kuishi na neema hiyo, badala ya kuitumia kama tiketi ya kuingilia Pasaka.

Watu wengi hutafuta dhamiri kuanzia amri ya sita, wakarudi kwenye uongo na matusi, wakamaliza. Amri ya kwanza hairukwi kwa sababu ni ngumu. Inarukwa kwa sababu hatudhani tumeivunja, maana hatuna sanamu nyumbani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2094, inataja makosa dhidi ya mapendo kwa Mungu, nayo yanafaa kugeuzwa maswali. Kutojali: je, kuna siku nzima ilipita sikumkumbuka kabisa? Kukosa shukrani: nilipopata kazi au mtoto alipopona, nani alishukuriwa? Uvuguvugu: najua analoniomba na naahirisha tangu lini? Uvivu wa kiroho: naona mambo ya Mungu yananichosha, nayakwepa? Chuki: kuna msiba au hasara ninayomwekea Mungu kinyongo? Kwa Afrika Mashariki tuongeze moja: mambo yakikaza, nakimbilia kwa mganga, hirizi au chupa ya mafuta ya muujiza? Mwenye shaka na la mwisho aliseme wazi, padre ameshasikia.

Chukua dakika 20 jioni moja kabla, na karatasi utakayoichoma. Mbele ya padre taja lini uliungama mara ya mwisho, kisha dhambi zako. Zilizo kubwa zitaje aina na idadi kadiri unavyokumbuka. Usieleze makosa ya mume au mama mkwe. Kitubio ni chako. Ukifika Sala ya Kutubu, isikilize ndani: unatubu kwa kuwa Mungu ni mwema na mwenye kupendeza. Kutubu kwa kuogopa jehanamu kunatosha kwa sakramenti hiyo, lakini sala yenyewe inakuvuta juu zaidi, utubu kwa sababu umemkosea unayempenda. Malipizi aliyokupa padre yafanye siku hiyohiyo, maana yakilala yanasahaulika.

Sadaka yenye hesabu

Pesa ya mfungo si pesa yako tena. Bila hesabu inarudi mfukoni kimyakimya, na mfungo unakuwa mpango wa kubana matumizi. Tuseme chakula cha mchana kazini ni shilingi 3,000 na unakiacha Jumatano ya Majivu na Ijumaa zote 7, Ijumaa Kuu ikiwemo: siku 8, shilingi 24,000. Itie kwenye bahasha siku ileile unayoacha, usingoje mwisho. Watoto wasiofikia miaka 14 wape kopo lao la kutia sarafu za pipi. Hivyo ndivyo wanavyoingia Kwaresima, na huwa waaminifu kutuzidi.

Peleka wapi? Parokia nyingi zina bahasha au sanduku la mfungo. Kenya ipo Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu, yenye kijitabu cha mada za kila wiki kinachosomwa kwenye jumuiya. Kisomeni, msikigawe tu. Lakini sehemu moja ya sadaka ipeleke kwa mkono, kwa mtu unayemjua. Isaya 58, inayosomwa Ijumaa na Jumamosi baada ya Majivu, inataja mkate kwa mwenye njaa na nguo kwa aliye uchi, na hasa kutojificha na damu yako mwenyewe. Mara nyingi mtu huyo ni shangazi aliyebaki peke yake kijijini. Mpigie kwanza, tuma baadaye.

Wiki ya tatu na ya nne

Hapo ndipo wengi wanaachia. Sala inakuwa kavu, kichwa kinatembea, zile dakika 15 zinaonekana 50. Usizipunguze, na usiongeze kwa hofu pia. Soma polepole zaidi, kama akili imekataa soma Zaburi 63 kwa sauti, kaa mpaka muda uishe. Ukavu hauna maana kwamba Mungu amekasirika. Kubaki kwenye kiti bila kupata ladha yoyote ni mapendo yaliyo imara kuliko yale ya wiki ya kwanza yaliyokuja na nyimbo.

Ukivunja azimio, usilipe kesho mara mbili. Anza tena saa ileile uliyogundua. Ukiwa umevunja siku tatu mfululizo, tatizo liko kwenye sentensi: punguza kiasi, badilisha saa, andika upya. Dominika ya nne, 7 Machi, ni ya kuifanyia karatasi yako ukaguzi. Liturujia yenyewe inapumua siku hiyo, padre anaweza kuvaa rangi ya waridi.

Njia ya Msalaba ya Ijumaa huchukua kati ya nusu saa na dakika 45 parokiani. Usipofika, ifanye nyumbani na watoto, vituo 14, dakika moja kila kituo, mtoto mmoja akitaja kituo na wote wakijibu.

Kuanzia Alhamisi Kuu

Kiliturujia, Kwaresima inakwisha kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana jioni ya Alhamisi Kuu, 25 Machi, ingawa zile siku 40 tulizihesabu hadi Jumamosi Kuu. Mambo ya kawaida ya nyumbani yamalizike mapema: nguo za Pasaka, unga, nauli ya kijijini. Anayeacha manunuzi hadi Jumamosi Kuu atatumia siku hiyo Kariakoo au Gikomba, na usiku atasinzia kwenye Mkesha wa Pasaka. Alhamisi baada ya Misa baki saa moja ya kuabudu kama unaweza kurudi nyumbani salama. Ijumaa funga, nenda ibada ya Mateso. Jumamosi usiku beba mshumaa na watoto walioweza kulala mchana.

Kabla hujaichana ile karatasi ya sentensi tatu, ikate juu ya sentensi ya mfungo. Ya mfungo na ya sadaka zimetimiza kazi, unaweza kuzipanga upya. Ile ya dakika 15 ibandike mahali pake, Jumatatu ya Pasaka saa 11:30 alfajiri iendelee.